Kama Majuto ni Mjukuu, Basi Apakatwe

Kuna sentensi mbili ambazo mtu yeyote aliyewahi kuuza kitu alichokipenda lazima ataambiwa, na mara nyingi ataambiwa zote na mdomo mmoja, ndani ya dakika tano. Ya kwanza: "Ah, hicho ni chombo tu." Ya pili: "Si ulitaka mwenyewe? Majuto ni mjukuu."

Zitazame vizuri. Kama kile kilikuwa chombo tu, basi hakuna cha kujutia, na huyo mjukuu katoka wapi? Na kama mjukuu kweli kaja, basi kilichoondoka kilikuwa zaidi ya chombo. Haziwezi kuwa kweli zote mbili kwa pamoja. Lakini tunazitamka pamoja kila siku, kwa sababu hatuzitamki ili tuseme kweli. Tunazitamka ili mtu anyamaze. Ya kwanza inamwambia hana sababu ya kulia, ya pili inamwambia akilia kajitakia.

Nataka kuzipinga zote mbili, na nitazipinga kwa kamera, maana kamera ndiyo niliyouza.

Mwaka 2011 niliuza Nikon FM2 yangu pamoja na lenzi yake ya milimita 50. Nilikuwa nimeitumia miaka 13, hapa Tanga, kwenye harusi, sendofu, kicheni pati, maulidi na ubatizo. Nilipata shilingi 280,000, nikaongezea kiakiba nilichokuwa nacho, na Jumatatu iliyofuata mdogo wangu akaripoti chuo cha ualimu. Leo anafundisha hesabu sekondari. Siku ile ikirudi kama ilivyokuwa, kamera ile naiuza tena, tena asubuhi, kabla ya chai. Na bado naijutia. Mwaka juzi nimenunua nyingine ya aina ileile, na bado naijutia ile ya kwanza. Yote haya ni kweli kwa wakati mmoja na sioni aibu mahali popote. Atakayeona aibu ni yule aliyefundishwa kwamba nyuma ya kila juto lazima pawe na kosa.

Tuanze na hicho "chombo tu".

Wanaoipenda sana sentensi hii ni wapiga picha wenyewe. Wanaisema kwa sauti ya hekima: kamera haipigi picha, jicho ndilo linalopiga. Inapendeza sikioni. Tatizo ni kwamba inampinga mtu asiyekuwepo. Nani aliwahi kudai kwamba kamera hutoka kabatini usiku ikaenda harusini peke yake?

Swali lenyewe ni jingine kabisa: jicho lilelile, likikaa nyuma ya chombo kingine, litaona vilevile? Mchukue Vivian Maier, yaya wa Chicago aliyepiga picha za mitaani miaka na miaka bila kuzionyesha, hadi mwaka 2007 vitu vyake vilivyokuwa kwenye ghala la kukodi vikapigwa mnada kwa ajili ya kodi isiyolipwa. Picha zake nyingi zinazojulikana zilipigwa kwa Rolleiflex. Kamera hiyo haipandishwi usoni. Inakaa usawa wa kifua au tumbo, na mpiga picha anainamisha kichwa kutazama kioo kilicho juu yake. Sasa jiweke wewe mbele yake pale barabarani. Huoni mtu aliyekuelekezea kitu machoni. Unaona mwanamke aliyeinama, kama anatafuta funguo kwenye mkoba. Na picha inakuchukua kutoka chini kidogo, kwa hiyo hata mzee wa kuokota makopo anasimama kama mwenye mtaa wake. Mpe Maier kamera ya kuweka jichoni na atapiga picha nzuri, sina shaka. Zitakuwa picha nyingine, za watu waliojua kwamba wanapigwa.

Au mchukue wa kwetu, Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzia kazi Dar es Salaam, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa. Alirudi kazini akiwa na mkono wa bandia uliotengenezwa ili aweze kushika kamera. Fikiri hapo kidogo. Mwili ulipoungwa upya, uliungwa kwa kipimo cha kamera. Nani angethubutu kumwambia mtu huyo kwamba kile ni chombo tu?

Mimi si Maier wala Amin. Nilikuwa dada wa picha mtaani. Lakini hata kwangu mambo yalikuwa hivyohivyo.

FM2 ilitoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Ni kamera ya vyuma na springi. Betri zake mbili ndogo ni za kipima mwanga peke yake. Zikiisha, shata inaendelea kufyatuka kwa spidi zote kama kawaida. Hayo utayakuta kwenye kijitabu chake. Yangu ilikuwa na mengine yasiyoandikwa kwenye kijitabu chochote. Kipima mwanga chake kilikuwa kinasinzia, leo kinasema kweli, kesho kinadanganya. Ikabidi niujue mwanga kwa kichwa: jua la saa sita, filamu ya 200, spidi 250, tundu 16. Wingu likipita, fungua tundu moja. Kivuli cha mwembe, fungua matatu. Ngozi ya mwari aliyetoka kusingwa inang'aa, rudisha nusu.

Kwenye kicheni pati wanaume hawaingii, ndiyo maana mimi nilikuwa na kazi. Filamu moja ina picha 36, na kila picha ina bei yake, ya filamu, ya kusafisha, ya karatasi. Sikuwa na uwezo wa kupiga kumi ili nichague moja. Nikajifunza kungoja. Kuna dakika ambapo mama mzazi amemaliza wosia, kungwi amenyamaza, na mwari bado hajaamua kama atacheka au atalia. Dakika ile haina muda wa kutazama namba. Kidole changu kilijua kitufe kile kinazama kiasi gani kabla hakijafyatuka, kwa sababu kilikuwa kimelegea kidogo kuliko vya wenzake. Dole gumba lilijua mkono wa kuvutia filamu unaishia wapi. Ujuzi ule haukuwa kichwani mwangu peke yake. Ulikaa kati ya kidole na chuma. Chuma kilipoondoka, kikiwa ndani ya mfuko wa rambo wa mnunuzi, nusu ya ujuzi ilikwenda nacho. Basi ninapojuta nafanya hesabu tu, ya kilichotoka, na hesabu yangu haijakosea.

Wanaosoma hapa ni watu wa vitabu, kwa hiyo najua wengine mmeshapata jibu la kunirudishia, na jibu hilo linaitwa Cormac McCarthy. Mwandishi huyo wa Marekani aliandika riwaya zake kwa taipureta moja, Olivetti Lettera 32 aliyoinunua ikiwa imeshatumika, akakaa nayo karibu nusu karne. Desemba 2009 ikapigwa mnada New York ikauzwa dola 254,500, fedha zikaenda kwenye taasisi ya utafiti aliyokuwa akishinda nayo. Naye akaendelea kuandika kwa taipureta nyingine, aliyotafutiwa na rafiki yake kwa dola 11. "Unaona?" wataniambia. "Mwenzako aliuza, akachukua nyingine, maisha yakaendelea. Chombo tu."

Hebu tuisome hadithi hiyo kama tunavyosoma hadithi nyingine, kwa kuangalia mhusika kafanya nini. Ilikuwa mwaka 2009. Kompyuta zilikuwa kila duka. Rafiki angeweza kumletea yoyote kati ya hizo, na pale alipo kulikuwa na wanasayansi wa kumwelekeza namna ya kuiwasha. Mzee akachukua Olivetti nyingine, ya aina ileile. Mtu anayeamini kwamba chombo ni chombo tu hana haja ya kurudia aina ileile. Na yule aliyetoa dola robo milioni na ushee alikuwa ananunua nini? Herufi zilikuwa zilezile zilizokuwemo kwenye ile ya dola 11. Alinunua miaka, alama za vidole, kazi iliyopita pale. Kwa hiyo mnada ule ulithibitisha mambo mawili kwa risiti: kwamba chombo kilichotumika kwa mapenzi hakilingani na pacha wake, na kwamba pamoja na hayo mtu anaweza kukiachia, akamtafuta pacha, akaendelea na kazi. Mimi sijasema zaidi ya hapo.

Tena tujiulize, sentensi hii inamlisha nani? Dijitali ilipoingia kwa kishindo tuliambiwa filamu ni mambo ya kizee, uza haraka kabla bei haijaanguka. Studio zilizokuwa zikitusafishia picha zikafunga milango moja baada ya nyingine. Mwaka 2009 Kodak ikaacha kutengeneza Kodachrome, na mwaka 2012 kampuni yenyewe ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Sawa, dunia hubadilika. Lakini angalieni kilichofuata. Mwaka 2022 Leica ikairudisha sokoni M6 yake ya filamu. Mwaka 2023 Nikon ikatoa kamera ya dijitali, Zf, iliyochongwa kwa sura ya FM2, vibonyezo na magurudumu yake juu. Mwaka 2024 Pentax ikatoa kamera mpya kabisa ya filamu. Soko lililotuambia chombo ni chombo tu sasa linatuuzia sura ya vyombo tulivyouza, kwa bei ya juu. Wenye viwanda wanajua vizuri kabisa kwamba watu wanajuta. Wamelipiga bei juto letu. Ni sisi tu ndio tunaoambiana kwamba juto hilo ni ujinga.

Sasa huyo mjukuu.

Kiswahili chetu ni kikwasi, kinatofautisha mambo ambayo sisi wasemaji tunayachanganya. Kuna kutubu na kuna kujuta. Anayetubu ana dhambi. Bila dhambi hana cha kutubia. Anayejuta anahitaji kitu kimoja tu, awe amepoteza. Mama aliyehama kijiji kwa sababu mto ulifurika anakijutia kijiji. Hakukosea kuhama. Angebaki angekufa. Lakini methali yetu tumeigeuza fimbo. Kila anayesema "natamani ningekuwa nacho bado" tunamsikia kana kwamba kasema "nilikosea kukitoa", tunamchapa nayo, tunaenda zetu tukijiona wazee wa busara.

Na fimbo hii haimpigi anayejuta tu. Inampiga na aliyeuziwa kwa ajili yake. Miaka mingi mdogo wangu akinisikia naitaja ile kamera, ananyamaza. Anainuka, anakwenda kuangalia gari lisilohitaji kuangaliwa. Siku moja akanitumia shilingi 400,000 kwenye simu, na ujumbe: "Dada, nunua nyingine, tufunge hesabu." Nikazirudisha dakika ileile. Akaumia, nami nikaumia kwamba ameumia. Lakini ningezipokeaje? Kuzipokea kungekuwa kukubali kwamba lilikuwepo deni, kwamba ada yake ilikuwa hasara ninayoidai. Ameishi miaka yote hiyo akiamini kwamba kama dada anajuta, basi kuna kosa, na kama kuna kosa, kosa hilo lina jina na lina cheti cha ualimu. Hiyo ndiyo kazi inayofanywa na methali ikitumika kiholela. Ndiyo maana sijaiandika makala hii kwa utani.

Nilichomwambia, na namrudia hapa, ni hiki. Mdogo wangu, kamera ilikuwa na thamani. Ndiyo maana kuiuza kulikuwa na maana. Kama ningekulipia ada kwa kuuza kitu nisichokijali, ningekuwa nimekupa nini? Ninapoijutia, napima ukubwa wa nilichokupa. Ukinitaka niache kujuta, unanitaka niseme nilikupa makombo.

Najua kuna atakayeguna: jamani, watu wanakosa dawa, wewe unalilia kamera? Majuto ya kifahari hayo. Mimi nasema ni kinyume chake. Tajiri hauzi chombo chake cha kazi. Tajiri akiuza, anauza cha pili, au cha zamani baada ya kipya kufika. Wanaouza chombo kimoja walichonacho ni sisi. Hesabu nyumba unazozijua: ni ngapi zina msomi aliyesomeshwa kwa cherehani ya mama? Kwa ngalawa ya baba, kwa baiskeli ya mjomba, kwa gitaa la yule aliyekuwa akipiga bendi zamani na sasa analinda geti? Cherehani ile ilikuwa na mlio wake, mguu wa mama ulikuwa unaujua. Ilipouzwa, mama alijikausha, akafunga kanga, akasema ni chombo tu, ili mtoto asome kwa amani. Tukamshukuru kwa ada. Hakuna aliyempa pole kwa cherehani. Mimi nasema pole hiyo tunadaiwa mpaka leo. Kuna ufundi mwingi mno katika nchi hii uliokwenda na vyombo vilivyouzwa, na wenye ufundi huo hatukuwaruhusu hata kuomboleza, kwa sababu tulikuwa na methali mkononi.

Hata waandishi wetu nawalaumu kidogo hapa. Mara ngapi tumesoma hadithi ambayo mtu anajuta, na anajuta kwa sababu alikuwa mlevi, mzinzi au mbishi wa wazazi? Juto linaletwa mwishoni kama askari mwenye pingu. Nadra nakutana na mhusika aliyefanya lililo sawa na bado akabaki na pengo. Kumbe huyo ndiye jirani yetu. Mwandikeni huyo.

Na kuhusu ile niliyonunua. Wapo waliodhani nimeirudisha iliyopotea, wakanipongeza kana kwamba mgonjwa kapona. Hapana. Niliinunua Dar es Salaam kwa mpiga picha mstaafu wa gazeti, kwa shilingi 650,000. Rangi nyeusi imekwanguka kwenye kona, shaba inachungulia, na imekwanguka mahali tofauti na ile yangu kwa sababu yeye alikuwa akiibeba begani kushoto. Kitufe chake ni kigumu. Kipima mwanga ni kizima, kinanisahihisha kila saa kama mwalimu mgeni. Kabla hajaniachia aliniuliza swali moja tu: "Unakwenda kuipigia, au unakwenda kuiweka kabatini?" Nikamwambia nina harusi Jumamosi. Akaifuta lenzi kwa ncha ya shati, akanipa, na hakutazama nilivyokuwa nikiiingiza kwenye begi.

Pale nikaelewa kitu ambacho bei haikisemi. Kamera niliyonunua ni kamera ambayo mtu mwingine ameiuza na anaijutia. Na ile yangu ya 2011, popote ilipo, iko kwa mtu ambaye naye ilibidi aanze kukijua kitufe kilicholegea. Kwenye vitu vilivyotumika kila mnunuzi anapokea juto la mwenzake, na kulitunza ni jambo moja tu: kuitumia. Mstaafu yule namtumia picha kila nikisafisha filamu mpya. Hajasema hata siku moja kwamba ile ni kamera tu.

Makabila mengi yetu hapa, mtoto akizaliwa hupewa jina la babu au bibi aliyetangulia. Hakuna anayedhani bibi amerudi. Mtoto ana sura yake, ukaidi wake, kilio chake. Lakini tunampa jina, tunamwita "bibi" kwa utani, na kila tukimwita tunakiri kwamba aliyeondoka alikuwa mtu. FM2 hii ya pili nimeipokea hivyo. Haina kazi ya kuwa marehemu.

Basi methali mbaki nayo, siikatai. Majuto ni mjukuu, sawa. Lakini tangu lini mjukuu akawa adhabu? Katika nyumba ninazozijua mimi mjukuu ndiye anayependwa kuliko wote, ndiye anayelala chumba cha bibi, ndiye anayeuliza habari za watu ambao wengine wameshaacha kuwataja. Akija kwenu, msimfukuze kwa fimbo. Mpakateni, mumweleze aliyeondoka alikuwa nani.